Mikono ya Nyumba ya Lushinge

Kijiji cha Morel,
Kisiwa cha Dominica,
Karibi.
2 Februari 1980

Baba,

Shikamoo. Nimefika mzima. Tulipanda ndege Dar es Salaam, tukalala Ulaya siku moja, tukashuka kwenye kisiwa kingine ambacho jina lake sijalishika, kisha tukaingia Dominica kwa meli ndogo iliyobeba mbao. Njia nzima niliketi juu ya mbao hizo. Sijui kuogelea, na nilijiambia kwamba mbao huelea.

Padre Marcel, aliyetuandikisha huko nyumbani, alituambia kwamba kimbunga kilibomoa nyumba. Hakutuambia kwamba kilinyoa milima. Wanakiita David. Kilipita Agosti mwaka jana, na mpaka leo miti mingi imesimama bila matawi. Wenzangu wawili kutoka Tanzania wamepelekwa kusini, kwa hiyo hapa hakuna wa kuzungumza naye Kiswahili, wala Kisukuma. Watu wa hapa ni weusi kama sisi. Siku ya kwanza mzee mmoja alinitazama sana, akaniuliza kwa Kiingereza mimi ni mtoto wa nani.

Sasa nisikilize, maana nina tatizo. Shirika la makanisa lililotuleta limetuwekea sheria: fundi asile chakula cha watu waliopatwa na maafa. Sisi tunapewa samaki wa makopo na biskuti. Nyumba yangu ya kwanza ni ya Bibi Filomena, mwanamke wa miaka themanini anayeishi chini ya turubai. Saa sita mchana aliniletea magimbi ya kuchemsha, maana kimbunga hakikuweza kuyang'oa ardhini. Nikamshukuru, nikakataa. Alisema maneno kwa lugha yao ya nyumbani, na jirani yake akanitafsiria: "Anasema, kama chakula chake hakikufai, basi na nyumba yake haikufai." Halafu akaiangusha ngazi yangu kwenye majani, akaikalia. Leo ni siku ya tatu, bado ameikalia.

Wewe ndiye uliyenifundisha kutii sheria. Nifanye nini?

Mwanao,
Maduhu

---

Mwabuluga,
kupitia S.L.P. 19, Mwadui.
10 Machi 1980

Mwanangu Maduhu,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa imeloa pembe moja. Nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili ya habari, mara ya pili nikiwa na kalamu nyekundu. Makosa ni manne tu. Umeendelea.

Kuhusu Bibi Filomena: sheria ni sheria. Usile. Mimi nimeishi katika kijiji hiki tangu tulipohamishiwa hapa mwaka 1974, na kabla ya hapo nilifundisha katika vijiji vingine vitano, na sijawahi kula kwa mtu. Mwalimu anayekula kwa mzazi mmoja atashindwa kumpa mtoto wake alama anayostahili. Hakuna aliyekasirika. Mweleze bibi huyo kwa upole, naye ataelewa.

Huku mvua ni za wastani. Sukari haipatikani, sabuni haipatikani, na misumari ni hadithi. Juma lililopita wasumba, vijana wa kazi za pamoja za kijiji, walikuja. Makoye, mkuu wao, alisimama nje ya ua na kusema, "Mwalimu, kesho tunaezeka ghala la pamba la kijiji. Nyumba yako inatoa nani, maana Maduhu hayupo?" Nikamjibu kwamba nyumba yangu imetoa mtu mmoja kwa ajili ya dunia nzima, na kwamba inatosha. Akacheka kidogo, akaondoka. Vijana hawa ni wazuri, lakini wanadhani kila mtu ana umri wao.

Dada yako Paskalina alikuja kutoka Kambarage na kuniletea sabuni nusu mche. Anakusalimu.

Vaa soksi. Umeandika kwamba kuna bahari. Penye bahari pana unyevu.

Baba yako,
Valerian Lushinge

---

Morel, Dominica.
18 Aprili 1980

Baba,

Shikamoo. Nisamehe. Kabla barua yako haijafika, nilikuwa nimekwisha kula.

Siku ya tano nilichoka kumwona kikongwe amekaa juu ya ngazi kwenye umande. Nilikwenda nikaketi chini mbele yake, nikamwonyesha mdomo wangu. Alinipa gimbi zima, akanitazama mpaka nikalimaliza, kisha akanyanyuka na kunikabidhi ngazi kama mtu anayekabidhi ng'ombe. Msimamizi wetu alinionya. Nikamwambia aje ale na yeye. Alikuja.

Kesho yake asubuhi walikuja watu kumi na wanane, kila mmoja na nyundo au panga lake. Sikuwaita mimi. Hapa wana desturi inayoitwa koudmen. Nilipouliza maana yake, jirani alininyooshea kiganja. Ni mkono, Baba, mkono wa kusaidia. Leo kwako, kesho kwangu, na mwenye nyumba hupika alicho nacho. Nilijiona niko Mwabuluga kati ya wasumba. Nikawaimbia wimbo wetu wa kupiga jembe, nao wakaufuata bila kujua hata neno moja. Yale magimbi, sasa naelewa, hayakuwa chakula cha mtu aliyepatwa na maafa. Bibi alikuwa anafungua kazi, na mimi nilikuwa nimemfungia.

Jambo la pili ni zito, uliangalie mara moja. Nimejifunza hapa kwa nini mapaa huruka. Upepo huingia chini ya baraza na kuinua kila kitu kwa pamoja. Nyumba zilizosalia ni zile ambazo paa la baraza limetengwa na paa la nyumba, na kenchi zimefungwa kwenye ukuta kwa utepe wa chuma. Paa lako nililijenga vibaya. Nilitandaza bati moja kwa moja kutoka mgongoni mwa nyumba mpaka barazani kwa sababu ulitaka kivuli kirefu. Mwite Makoye afunge kila kenchi kwa waya mnene. Usingoje.

Mwanao,
Maduhu

---

Kambarage, Shinyanga.
22 Aprili 1980

Baba,

Shikamoo. Mimi na mume wangu Herman tumefika nyumbani salama jana jioni, lakini sikulala. Nakuandikia yale niliyoshindwa kukuambia usoni.

Baba, nyumba haina paa. Majuma mawili yamepita tangu ule upepo wa Pasaka, na wewe unalala jikoni kwenye majivu, na vitabu vyako umevifunika kwa ngozi ya ng'ombe. Nilipokuuliza, ukasema "hali inaridhisha". Hairidhishi! Njoo ukae kwetu. Chumba kipo, cherehani nitaihamishia barazani.

Nilimfuata Makoye nikamuuliza mbona hakuna aliyekuja kuokota hata bati moja, wakati wasumba wameshaanza kukata miti ya kujengea nyumba ya Mbuke, mjane wa jirani, ambayo iliangushwa na upepo uleule. Hakuwa na hasira. Alisema, "Dada, hatumchukii Mwalimu. Watoto wote hapa wamejua kusoma kwa sababu yake. Lakini nyumba yenu ilikuwa na mikono miwili tu, ya Maduhu, nayo mmeipeleka ng'ambo. Miaka yote hii Mwalimu hajala kwetu, hajashika nguzo yetu. Tukienda kwake bila yeye kuja kwetu, hiyo siyo kazi ya wasumba tena. Ni sadaka. Na Mwalimu tutampaje sadaka?"

Niruhusu nimwandikie Maduhu. Yeye ndiye fundi, na Padre Marcel anaweza kumrudisha.

Mwanao,
Paskalina

---

Mwabuluga.
27 Aprili 1980

Binti yangu Paskalina,

Marahaba. Hapana, na hapana.

Siji Kambarage. Na usimwandikie mdogo wako neno lolote juu ya paa. Aliahidi mwaka mmoja. Huko yuko bibi wa miaka themanini chini ya turubai. Mimi nina sitini na minane na nina jiko. Akijua, atarudi, namfahamu, na nitakuwa nimemnyang'anya mtu mkubwa kuliko mimi fundi wake.

Kuhusu maneno ya Makoye, nimeyasoma. Ninayafikiri.

Asante kwa blanketi.

Baba yako,
V. Lushinge

---

Mwabuluga.
28 Mei 1980

Mwanangu Maduhu,

Marahaba. Barua yako ya tarehe 18 Aprili imefika. Umevunja sheria na umeeleza vizuri sababu zako. Nimesamehe. Makosa ni mawili.

Ushauri wako kuhusu kenchi nimeuelewa. Ni ushauri sahihi kabisa. Kwa sasa hakuna hatari ya upepo kuliinua paa langu, kwa hiyo usikose usingizi kwa ajili hiyo.

Nina maswali. Katika kazi hiyo ya koudmen, wazee hufanya nini? Nina maana mtu wa umri kama wangu, ambaye goti lake la kushoto halikunji vizuri na ambaye hajawahi kushika nyundo kwa manufaa yoyote. Je, huachwa nyumbani? Je, akija bila kualikwa, hutazamwaje? Eleza kwa ukamilifu.

Nimekuta shati lako la kazi kwenye sanduku. Nimelifua na kulianika. Sikuwa na sababu maalumu.

Baba yako,
Valerian Lushinge

---

Morel, Dominica.
4 Julai 1980

Baba,

Shikamoo. Nimecheka kwa furaha. Unauliza kama mtu anayetunga kitabu cha jiografia! Basi andika hivi.

Wazee wa hapa hunyoosha misumari. Kimbunga kiliacha mbao nyingi zilizovunjika zikiwa zimejaa misumari, na mipya haipatikani kwa urahisi. Mzee hukaa kwenye kigoda, huweka msumari juu ya jiwe, mgongo wake juu, na kuugonga polepole huku akiuzungusha. Ni kazi ya subira. Bibi Filomena ndiye bingwa. Anatukana kila msumari kabla ya kuupiga, na wanasema hakuna unaobaki umepinda baada ya matusi yake. Akija mzee bila kualikwa, hakuna anayemtazama. Husogezewa kigoda tu.

Nilimweleza Bibi kwamba baba yangu ni mwalimu. Akauliza kama una meno. Nikasema unayo. Akasema basi uje ule magimbi.

Sasa lililo moyoni. Nyumba za kijiji hiki hazitakwisha ifikapo Januari, na shirika linataka niongeze mwaka wa pili. Napenda kazi hii, Baba. Kwa mara ya kwanza naona mtu analala mahali pakavu kwa sababu yangu. Lakini sitaweka sahihi mpaka unijibu jambo moja: je, nyumbani kuko salama? Wewe hujawahi kunidanganya. Ukiandika "kuko salama", nitaongeza mwaka. Ukiandika vinginevyo, nitarudi.

Mwanao,
Maduhu

---

Kambarage, Shinyanga.
12 Agosti 1980

Mdogo wangu Maduhu,

Habari za huko? Baba amenikataza kuandika barua hii, kwa hiyo ukiisoma ichome.

Paa letu liliruka Jumatatu ya Pasaka. Lote, pamoja na baraza. Bati moja lilikutwa kwenye pamba ya Mbuke, jingine lilivuka barabara ya Mwadui. Tangu hapo Baba analala jikoni. Alinizuia nisikuambie ili usimwache yule bibi wa huko. Na wasumba hawakuja, maana hakuna mtu wa nyumba yetu aliyekwenda kwao tangu ulipoondoka.

Nimetoka kumtembelea. Barua yako ya mwaka wa pili ilikuwa imelala mezani, na pembeni yake karatasi tupu na kalamu. Alikuwa amekaa mbele yake siku ya nne. Hawezi kuandika kwamba kuko salama, kwa sababu si kweli. Hawezi kuandika vinginevyo, kwa sababu utarudi. Nilimwona amezeeka, Maduhu.

Siku ya tano nilipoamka hakuwepo. Nilimtafuta hadi kisimani. Nikamkuta kwa Mbuke. Wasumba walikuwa juu ya kenchi, na Baba amekaa chini kwenye kigoda, amevaa shati lako la kazi linalomfika magotini, ana jiwe na nyundo, ananyoosha misumari. Miwani imeshuka puani. Kila msumari anauinua juu, anaukagua kwa jicho moja, na usipomridhisha anaurudia. Makoye akapaza sauti kutoka juu, "Mwalimu, huo wa sasa umefaulu?" Baba akajibu bila kuinua kichwa, "Bado. Unarudia darasa." Vijana nusura waanguke kwa kicheko. Baba hakucheka, lakini masikio yake yalisogea, unayajua.

Mchana Mbuke akaleta michembe ya viazi na karanga. Nyundo zote zikashushwa. Mbuke mwenyewe alisimama na sinia, hajui aipeleke wapi. Baba akanawa mikono. Akala. Kisha akasema, "Mama, michembe hii ilikaushwa vizuri." Mbuke akaenda nyuma ya nyumba akalia, akarudi amejifunika kanga.

Sijui kama watamjengea. Mvua haziko mbali, na yeye hawezi kuomba. Lakini nimeona ni haki ujue kabla hujaweka sahihi.

Dada yako,
Paskalina

---

Morel, Dominica.
18 Septemba 1980

Baba,

Shikamoo. Nimejua habari ya paa. Usimgombeze aliyeniambia, mgombeze aliyelijenga, ambaye ni mimi.

Nilikwenda ofisini siku hiyohiyo. Msimamizi amesema naweza kuondoka ndani ya wiki mbili. Nipe neno moja tu kwa simu ya upepo kupitia kwa Padre Marcel, nami nakuja. Nimefunga sanduku.

Mwezi uliopita kimbunga kingine kilipita kando ya kisiwa. Usiku kucha tulishikana mikono ndani ya nyumba ya Bibi Filomena, watu ishirini na mbuzi mmoja. Paa halikutikisika. Nilipaswa kufurahi, na nilifurahi, mpaka barua ilipokuja. Nimeezeka nyumba kumi na nne za watu wasiojua jina langu la ukoo, na aliyenipa jina hilo analala kwenye majivu.

Nilimweleza Bibi. Kesho yake aliniletea kopo la maziwa lililojaa misumari, yote imenyooka, imepakwa mafuta ya nazi isishike kutu. Akasema, "Ya mwalimu. Mwambie nimeitukana yote tayari."

Nasubiri neno lako.

Maduhu

---

Mwabuluga.
26 Oktoba 1980

Mwanangu mpenzi Maduhu,

Marahaba. Sikutuma simu, kwa sababu neno moja halikunitosha.

Kwanza nikiri. Niliandika kwamba hakuna hatari ya upepo kuliinua paa langu. Sentensi ile ilikuwa sahihi na haikuwa ya kweli. Nimefundisha miaka thelathini na minne bila kuwaeleza wanafunzi kwamba jambo hilo linawezekana. Nisamehe. Dada yako nimemgombeza, kisha nimemshukuru, kwa utaratibu huo.

Baada ya nyumba ya Mbuke nilikwenda kwenye nyumba nyingine mbili. Hakuna aliyenialika. Nilisogezewa kigoda, kama ulivyoeleza. Sikusema lolote juu ya nyumba yangu. Jumamosi ya tarehe 11 asubuhi nilisikia wimbo barabarani. Nilitoka jikoni nikamwona Makoye mbele, nyuma yake wasumba wote, na nyuma yao Mbuke amebeba mabati mawili kichwani. Makoye akasema, "Mwalimu, leo nyumba yako inatoa nani?"

Nikasema, "Inanitoa mimi."

Sikuwa na cha kuwalisha ila viazi na karanga alizotuma Paskalina. Nilivipika mwenyewe. Viliungua. Walikula vyote, na Makoye akasema ni mara ya kwanza mwalimu kumpa kitu kisichostahili alama nzuri.

Barua yako ya Aprili niliisoma kwa sauti nikiwa nimesimama uani, nao wakaifuata juu ya ukuta neno kwa neno. Nyumba ina paa lake na baraza ina paa lake. Kila kenchi imefungwa kwa waya ulionunuliwa na Herman. Walipokosea, niliwarudisha kwenye aya husika. Kwa hiyo paa hili umelijenga wewe, ingawa hukuwepo.

Yapo mabati kumi na tisa, nayo yanahitajika ishirini. La ishirini ni lile lililovuka barabara. Limerudi likiwa limekunjika, nasi tumelinyoosha. Makoye alitaka kulipigilia. Nilimzuia. Limewekwa mahali pake paani, juu ya kitanda changu, limekandamizwa kwa mawe matatu. Linangoja kopo la maziwa na mkono wako.

Sasa najibu swali lako la Julai, bila kutunga: nyumbani kuko salama. Kwa hiyo usije sasa. Fungua sanduku, umalize mwaka wako ulioahidi, mpaka siku ya mwisho. Bibi Filomena mwambie kwamba meno yangu ni mazima na kwamba ninamheshimu sana.

Lakini mwaka wa pili usiweke sahihi. Si kwa sababu ya paa. Nimejaribu kuandika sababu nyingine yenye uzito na sikuipata. Nataka uwepo nyumbani, basi.

Jana mvua ya kwanza imenyesha. Imepita kando ya yale mawe matatu na kudondoka kwenye mto wa kulalia. Nimesogeza kitanda upande wa dirisha. Nitakirudisha ukija.

Katika barua yako ya mwisho sikuona kosa. Kalamu nyekundu niliiacha mezani.

Baba yako anayekupenda,
Valerian Lushinge